Makofi ya Odessa Tolliver

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani, nanyi wanamuziki mliokuja na ala zenu, kwa niaba ya familia nasoma maisha ya dada yangu Odessa Verlene Tolliver, ambaye aliniagiza kwa maandishi nitaje tarehe zote na nisimruke mtu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 mjini Sedalia, Missouri, mtoto wa pili wa Horace na Leota Gaines, akaanza shule huko, akamalizia sekondari hapa Kansas City mwezi Juni 1956, na piano alifundishwa na mama yetu ndani ya kanisa hili, kwenye piano ile pale.

Mwaka 1961 aliajiriwa kupiga piano katika bendi kubwa ya jazi ya Bwana Lucius Hargrove, watu kumi na saba, na kufikia 1965 ndiye aliyeandika sehemu ya kila tarumbeta, kila tromboni na kila saksafoni, akiandikia mezani jikoni huku maharage yakichemka. Tarehe 14 Oktoba 1962 alifunga ndoa na Emmett Tolliver, dereva wa basi la bendi, aliyemtangulia mwaka 2007, wakajaliwa Roslyn, 1964, na Clayton, 1967.

Jumamosi tarehe 18 Mei 1974 bendi ilirekodi onyesho lake mbele ya watu mia tisa, na kabla ya wimbo wa tatu Bwana Hargrove alishika kipaza sauti akasema, "Jamani, mnamwona huyu mama kwenye piano? Kila noti mliyosikia leo kaiandika yeye, mimi kazi yangu kupunga mikono tu!" Ukumbi mzima ulisimama.

Santuri ilitoka Novemba, jalada likisema muziki umepangwa na Lucius Hargrove, maneno yale yamekatwa, makofi yakabakizwa, ndiyo maana hadi leo mwenye santuri hiyo husikia watu wakishangilia ghafla, bila kujua wanamshangilia nani. Dada alipokwenda kumuuliza Bwana Hargrove alijibiwa, "Dessa, jalada lenyewe dogo, mama, jina lako halienei." Alifunika piano, akachukua mkoba wake, hakurudi tena. Mwaka 1989 Bwana Hargrove aliulizwa redioni kuhusu makofi hayo, akacheka, akasema, "Walikuwa wanaishangilia suti yangu mpya."

Kuanzia 1975 hadi 2003 Dada alifundisha muziki shuleni. Mwaka 1998 fundi aliyerekodi onyesho lile, Bwana Stanley Kubiak, akiwa mgonjwa, alimletea nyumbani kanda ya awali, isiyokatwa. Roslyn alitaka ipelekwe redioni siku hiyo hiyo. Mama yake akamwambia, "Tulia, binti. Lucius hakosi penye watu. Atakuja kunizika, na atakaa mbele. Ichezeni hapo."

Aliugua figo tangu Agosti 2013, akafariki Alhamisi tarehe 11 Februari 2016, saa kumi alfajiri, watoto wake wote wawili wakiwa kando ya kitanda chake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioondoa theluji mlangoni pake miaka mitatu bila kuombwa, walimu wenzake, na marehemu Bwana Kubiak. Tunamshukuru pia Bwana Hargrove, aliyetuma shada kubwa kuliko yote, na ambaye ameketi safu ya kwanza, kama Dada alivyosema.

Clayton ana kanda mkononi. Mtasikia sauti ya mwanamume mnayemfahamu, kisha makofi, na yakianza tunawaomba nyote msimame. Bwana Hargrove, wewe unaweza kubaki umeketi.

Pumzika kwa amani, Dada. Makofi yako haya.