Evarista Augustino Mkwinda, Mhariri wa Jarida la Pazia (1941–1984)

Tuliyekuja kumsindikiza leo ni Evarista, mtoto wa kwanza wa Mzee Augustino Mkwinda, fundi mwashi wa misheni, na Mama Josepha. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Ndanda, wilaya ya Masasi. Mimi Klara, mdogo wake, ndiye niliyepewa kazi ya kumweleza.

Alisoma hapo hapo Ndanda, akamaliza darasa la nane mwaka 1957. Mara mbili kwa mwaka mapadri walikuwa wakionyesha sinema kwenye shuka jeupe. Bibi yetu alikuwa haoni, lakini hakukosa hata mara moja. Evarista alikaa ubavuni mwake akimweleza kila kilichopita. Siku moja bibi alimkatiza, "Punguza sifa, mjukuu wangu. Niambie tu wanafanya nini." Dada alisema hayo ndiyo masomo yote ya uandishi aliyowahi kupata.

Mwaka 1959 alikuja Dar es Salaam kwa mjomba wetu Bakili, aliyekuwa na duka la vyombo Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Alijifunza kupiga taipu, kisha akafanya kazi ya kusahihisha maandishi katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Julai 1968 lilipoanzishwa jarida la Pazia, la kwanza nchini kuandika habari za filamu kwa Kiswahili, aliajiriwa kama mpiga taipu.

Jarida lilikuwa na chumba kimoja, meza tatu na mhariri mmoja, Ndugu Polycarp. Mwezi wake wa tatu kazini, Ndugu Polycarp aligundua kuwa sentensi yake moja haipo kwenye ukurasa uliopigwa taipu.

"Niliandika kwamba filamu iliwasisimua watazamaji," alisema. "Imekwenda wapi?"

"Nilikuwepo ukumbini, ndugu," Evarista alimjibu. "Watu walilala."

Ndugu Polycarp alicheka mpaka akavua miwani. Kuanzia toleo lililofuata alimpa ukurasa wake mwenyewe, na mwaka 1971 akawa mhariri msaidizi. Ni dada aliyeanzisha safu ya barua za watazamaji. Walimu, makuli wa bandarini na wanavijiji waliolifuata gari la sinema waliandika kwake, naye alizijibu barua zote, hata za wale waliomtukana.

Agosti 1973 alisafiri na gari la sinema hadi kijiji kimoja cha wakulima wa korosho, upande wa Newala. Filamu iliyoonyeshwa ilipigwa kijijini hapo hapo na ofisi iliyokuwa ikilimiliki jarida. Ilipokwisha, Evarista hakuwauliza viongozi. Aliwauliza akina mama waliojiona kwenye pazia. Mmoja wao alimwambia, "Wametuonyesha tunacheza ngoma. Tuliwapeleka wenyewe kwenye kisima kilichobomoka, wakakitazama, wakaondoka."

Aliyaandika maneno yao jinsi yalivyotamkwa. Nakala zilikuwa zimeshachapwa mkuu wa ofisi alipozisoma. Aliamuru zisitoke, akamwita dada na kumtaka aombe radhi kwa maandishi.

"Nionyeshe neno nililowasingizia, mzee, nitaomba radhi sasa hivi," dada alimwambia.

Hakuonyeshwa neno. Alihamishiwa stoo kupanga fomu. Jioni hiyo alifika kwangu, akakaa kitandani na viatu vyake, akalia. Aliogopa kwamba hataandika tena. Nilimsihi aombe radhi tu, yaishe. Alinitazama, akasema, "Klara, wale mama waliniamini." Sikumwambia tena.

Baada ya wiki chache, bila kufikiri sana, ofisi iliziuza nakala zile kama karatasi chakavu. Zikaangukia Kariakoo. Wauza karanga, mandazi na kashata walizichana kurasa wakafungia bidhaa zao, na watu wa soko zima wakaanza kusoma.

Tarsis, fundi cherehani wa Mtaa wa Mahiwa, alinunua kashata akakuta maneno ya yule mama, lakini karatasi ikaishia alipotaja kisima. Alizunguka kwa wauzaji wote akitafuta ukurasa unaofuata. Alipoukosa alikwenda ofisini, akaelekezwa stoo.

"Samahani, dada," alisema, ameshika ile karatasi iliyojaa mafuta. "Huyu mama alimalizia vipi?"

Evarista alimsomea kwa moyo, bila karatasi, mpaka mwisho. Wiki hiyo walifika watu kumi na tisa wenye swali hilo hilo, kisha barua zikaanza kumiminika. Novemba alirudishwa mezani kwake bila maelezo yoyote. Kisima kilitengenezwa mwaka uliofuata. Tarsis aliendelea kufika stoo, na baadaye ofisini, ingawa habari alikuwa ameshaijua yote.

Walifunga ndoa tarehe 8 Juni 1974, Msimbazi, na Mungu akawajalia watoto watatu. Mwaka huo huo Ndugu Polycarp alistaafu, dada akawa mhariri. Aliliongoza jarida hata karatasi zilipoadimika, likapungua kutoka kurasa ishirini na nne hadi nane. Desemba 1980 lilifungwa. Alitoka na kalamu zake kwenye kapu, na Januari akaanza kufundisha elimu ya watu wazima, Ilala.

Mwaka 1982 figo zake zilianza kumsumbua. Tarsis alihamishia cherehani yake chumbani ili asiwe mbali naye. Majirani waliopanga foleni kutwa nzima kuisaka sukari walimletea vikombe viwili kwa ajili ya uji wa mgonjwa. Hatutawasahau.

Mwezi uliopita alinipa masharti ya wasifu huu. "Usiseme nilikuwa mpole. Sikuwa mpole. Sema nilikuwa na haraka." Kisha nikamweleza kwamba wazee wameagiza arudishwe Ndanda, kwenye makaburi ya ukoo.

"Waambie nawapenda sana," alisema. "Lakini nizikeni hapa. Sofia ana miaka minne. Akitaka kunisalimia, aje kwa miguu."

Wazee walikubali. Ndiyo sababu tupo makaburini Kinondoni leo.

Alifariki Jumanne, tarehe 18 Septemba 1984, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Ameacha mume, Tarsis, watoto, Mektilda, Augustino na Sofia, mama yetu Josepha, aliyesafiri siku mbili kuja kumzika mwanawe, mjomba Bakili, na mimi.

Haraka zimekwisha, dada. Bwana akupe pumziko lenye amani.