Zéphirin Kapembwa, 1919–1978: Mzunguko Mmoja Uliobaki

Ndugu wa ukoo, jirani wa Nchelenge, na ninyi mliovuka ziwa kutoka Kilwa na Pweto: tunamzika marehemu kutoka uani kwake, wala si kutoka kanisani alikohudumu miaka kumi na minne. Sababu imo katika maisha haya yanayosomwa. Hakupenda jambo lielezwe nusu.

Zéphirin Kapembwa alizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, tarehe 14 Machi 1919, mtoto wa tatu wa mvuvi. Katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyechukia mtumbwi. Mama yake alisimulia kwamba akiwa na miaka saba aliifungua saa ya mezani ya mwalimu wa misheni, akaifunga tena, na skrubu moja ikabaki. Saa ilikuwa inatembea. Hata hivyo alikaa mlangoni na ile skrubu kiganjani mpaka mwalimu aliporudi, akamwambia, "Inatembea, lakini haijaisha." Alichapwa fimbo sita.

Alisoma katika shule ya misheni Pweto kuanzia mwaka 1927 hadi 1933. Mwaka 1934 alipelekwa shule ya ufundi Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, akapata cheti cha fundi mashine mwezi Julai 1937. Cheti hicho alikihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga, na bado kimo humo.

Mwezi Septemba mwaka huo huo aliajiriwa katika karakana ya reli, akafanya kazi humo miaka ishirini na mitano. Katika karakana ile injini iliyotengenezwa upya haikufungwa bamba la namba mpaka izunguke njia ya majaribio mara tatu, ikiwa na mvuke kamili, bila kuvuja na bila kusukumwa. Ikiwa haina namba haikuhesabiwa kuwa injini, na haikuonyeshwa kwa mtu wa nje. Mwezi Mei 1953 msimamizi alikuwa na haraka. Injini namba 318 ilikuwa imezunguka mara mbili tu, na Zéphirin alikubali kufunga bamba. Siku ya nne bomba la tangi la mvuke lilipasuka njiani, na maji ya moto yakamuua mchochea moto, Hippolyte, rafiki yake tangu shule ya ufundi. Hakuna aliyemlaumu. Jambo hilo alilisimulia mara moja tu kwa watoto wake, nalo linasomwa hapa kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki.

Tarehe 9 Agosti 1941 alifunga ndoa na Emilienne Ngosa. Mungu aliwapa watoto wawili, Valère na Léonie. Mwaka 1962, vita vilipofika mlangoni mwao Katanga, familia ililala Kilwa siku nne, ikavuka ziwa kwa mashua ya wafanyabiashara wa samaki, ikashuka Nchelenge, upande huu wa mpaka. Hapa alitengeneza injini za mashua, mizani ya sokoni na cherehani. Watu wa Mununga walimletea mashine zilizokwisha kukataliwa na mafundi wengine, na wengi wenu mliopo mmepimiwa samaki kwa mizani iliyopita mikononi mwake. Mwaka 1964 alichaguliwa kuwa shemasi. Yeye ndiye aliyebeba sahani ya mkate kila Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Mwaka 1972 mzungu mmoja wa idara ya uvuvi alirudi kwao, akamwachia sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na gari-moshi dogo, urefu wa mkono wa mtu mzima, la aina ambayo wazungu huendesha bustanini kwao. Halikuwa kitu cha kuchezea watoto. Lilikuwa na silinda mbili, pistoni na tangi la shaba, la kutembea kwa mvuke wa kweli, na moto wa spiriti chini yake. Mwenyewe alikuwa ameliacha katikati, bila kibanda cha dereva na bila rangi.

Marehemu aliamua kulimaliza, lakini kwa sura ya 318. Alikata bomba la moshi la Kiingereza akatengeneza lingine fupi. Kibanda alikichonga kwa shaba ya majiko ya mafuta yaliyokufa, vishikio kwa spoku za baiskeli, taa kubwa ya mbele kwa kifuniko cha chupa ya dawa. Reli zilikuwa mikanda ya chuma inayofungia marobota ya mitumba, imesimamishwa kwenye vipande vya mti, ikizunguka tuta la nyanya. Rangi ilimtesa zaidi. Aliisugua shaba kwa ndimu na majivu, akapaka nyeusi tabaka kwa tabaka kwa brashi ya manyoya ya mbuzi, na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, kwa unyoya wa ndege. Vijidudu vya ziwa viliganda kwenye rangi mbichi. Mara tatu aliikwangua yote akaanza upya. Mara ya nne alilifunika gari kwa chandarua cha kitandani.

"Bashi Valère," mkewe alimwambia, akimwita baba wa Valère, "mbu wanatukula siye, na kile chuma kinalala ndani ya neti?"

"Weye ulisha kukauka," alimjibu. "Kile bado."

Kufikia Desemba 1977 rangi ilikuwa imekamilika. Bamba la 318 lilikuwa tayari, limewekwa ndani ya kopo pamoja na cheti. Ilibaki mizunguko mitatu. Lakini spiriti ilikuwa imetoweka madukani, hata mjini Mansa. Basi marehemu akafanya lile ambalo fundi angelifanya na shemasi asingelifanya. Alikwenda kwa Bana Katongo, mpishi wa kachasu, pombe kali ya kienyeji, akanunua chupa mbili, kisha akaichemsha upya pombe ile nyumbani kwa birika na bomba la shaba mpaka ikawa kali ya kuwaka bila moshi.

Mzee wa kanisa Lackson Mpundu alizisikia habari, akaja mwenyewe. Walikuwa marafiki. Mama Emilienne alikuwepo, na maneno yao ameyatoa yeye.

"Tata Zéphirin, hii chupa ni ya nini?"

"Ya mashini."

"Mashini inakunywa kachasu?"

"Inakunywa kupita weye zamani, mbele ya ubatizo."

Ba Lackson alicheka, kisha akaliona birika. "Watu walisema unanunua. Kumbe unapika pia. Basi nionyeshe hiyo mashini, niende niwaambie wengine."

"Haiyaisha."

"Hata kama haiyaisha."

"Haina namba, Ba Lackson. Siwezi kuonyesha mashini haina namba."

Jumapili tarehe 5 Februari 1978, kwa kosa la pombe, alisimamishwa ushemasi na kutengwa na meza ya Bwana. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na sahani ilipompita aliteremsha macho. Alifanya hivyo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, miezi tisa mfululizo. Mama Emilienne alimwomba alibebe gari mpaka kwa wazee, aliweke mezani kwao, jambo liishe. Alikataa. Alisema atalipeleka siku litakapokuwa na namba, na siku hiyo ataomba mkate. Hakutaka chochote kingine mwaka huo. Wapo waliosema ni kiburi.

Kila alipowasha moto, mvuke ulivuja. Mara ulitokea kwenye kiungo cha bomba, mara kwenye vali. Kila tundu lilimlazimu kuikwangua rangi, kulehemu, kupaka tena na kungoja ikauke. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua tangu Juni 1977, na moshi wa birika haukumsaidia. Mwezi Julai 1978 alilazwa wiki tatu. Madaktari walimwambia kwamba pafu la kushoto halifanyi kazi tena. Alirudi nyumbani akiwa hawezi kuinua nyundo, mstari mwekundu akaumalizia akiwa amelala ubavu.

Jumanne tarehe 17 Oktoba 1978, saa nne asubuhi, watu wa nyumbani walimtoa kwa kiti mpaka kwenye tuta la nyanya. Hapakuwa na tone lililovuja. Gari lilitembea kama injini zile za zamani, likitoa mshindo wake mdogo, likamaliza mzunguko wa kwanza, likamaliza wa pili. Kabla ya kuanza wa tatu moto ulizimika. Spiriti ya kachasu ilikuwa imekwisha, na aliyeipima ni yeye. Alikuwa ameikadiria kwa kipimo cha spiriti ya dukani, iliyo kali zaidi.

Mama Emilienne aliinama. "Niisukume kidogo tu, Bashi Valère. Ni mita kumi na nane. Nani atayua?"

"Hippolyte atayua."

Mchana ule Mama Emilienne, mwana-kwaya wa miaka mingi, alijifunga kitambaa cha kanisani, akapita katikati ya soko kwa miguu yake, akaenda kwa Bana Katongo, akarudi na chupa mikononi bila kuifunika. Aliyetaka kuona aliona. Lakini pombe ilipaswa kuchemshwa upya, na mwenye kuijua kazi hiyo hakuwa na pumzi. Alimwelekeza mkewe kwa vidole tangu Jumatano asubuhi. Alhamisi tarehe 19 Oktoba, saa saba mchana, birika likiwa bado jikoni, Zéphirin Kapembwa alifariki. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Ba Lackson alifika saa tisa. Aliliona gari juu ya reli, akapiga magoti, akaligusa kwa kidole kimoja.

"Juu ya nini hakutuambia?" aliuliza.

"Aliwaambia," mjane alijibu. "Aliwaambia haiyaisha."

Wazee walikutana Ijumaa. Sheria yao ni kwamba aliyetengwa harudishwi mezani na mtu mwingine. Huomba mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa hai. Hawakuivunja, na aliyetengwa hazikwi kutoka kanisani. Ba Lackson amesimama hapa leo bila joho lake, pamoja na wachimba kaburi, na familia inamshukuru.

Marehemu ameacha mjane, Emilienne Ngosa, mwana, Valère, wa Mufulira, binti, Léonie, wa Kashikishi, wajukuu watano, na dada mmoja, Clotilde, wa Pweto. Ameacha pia gari-moshi moja, lililopakwa rangi kamili, lisilo na namba. Valère alitaka kulifunga bamba jana. Mama yake alimzuia mkono. Bamba la 318 limo mfukoni mwa koti la marehemu, na linakwenda naye.

Mezani petu hatukuweza kumrudisha. Bwana mwenye meza na amketishe kwake, naye Zéphirin apumzike kwa amani.