Yule Mwanamke Aliyeniita Mpendwa

Mulembe, ndugu na dada zangu. Kaeni vizuri, maana leo najiaibisha mwenyewe.

Mimi ni mkulima wa mahindi kule Ndalu. Mwaka juzi nilipimwa kliniki, nikapatikana na presha. Wakanipa vidonge vya kila siku na wakachukua namba yangu, ati watanikumbusha kwa meseji. Nyumbani sikusema kitu. Si mnatujua wanaume? Niliogopa mama watoto ataninyima chumvi.

Kesho yake asubuhi simu ikalia mkononi mwa mke wangu, kwa sababu tunatumia moja. Akasoma kwa sauti: "Habari mpendwa. Tunakujali. Usisahau ile yako ya asubuhi."

"Ile gani?" akaniuliza. "Na huyu mpendwa wako ni nani?"

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ningesema neno moja tu, presha, na mambo yangeisha. Nikasema, "Ni watu wa mbolea."

Mbolea, bana! Kila asubuhi mbolea ikawa inanijali. Mama watoto akanuna, chai ikaletwa bila salamu. Mwishowe nikaizuia ile namba. Bila kukumbushwa, vidonge nikavisahau kabisa. Wiki chache baadaye nikaanguka shambani, mdomo umepinda, jembe huku, mimi kule.

Hapo sicheki. Nilimsikia mke wangu akilia, na sikuweza kumjibu.

Kule kliniki akamkabili nesi: "Nileteeni huyo mwanamke wa mpendwa! Ndiye amemmaliza!"

Nesi akasoma meseji, akashika mbavu. "Mama, huyo ni kompyuta yetu. Ile ya asubuhi ni dawa ya presha."

Mama akaniangalia. Afadhali angenipiga. Kisha akamgeukia nesi: "Hiyo kompyuta yenu ililelewa wapi? Huku nani humwita mzee mpendwa? Na wengine hawasomi. Wekeni sauti, kwa Kibukusu, na dawa iitwe dawa."

"Basi tusaidie wewe," nesi akasema. Wakamrekodi.

Mdomo wangu ulirudi polepole, mnauona. Leo wazee kutoka Ndalu mpaka Matulo wanapigiwa simu na kugombezwa na mke wangu kabla ya chai, na wanameza. Juzi mmoja alinishika mkono sokoni: "Tafadhali mwambie mama nimemeza!"

Namshukuru Mungu, na yule nesi aliyekubali kufundishwa. Namshukuru mke wangu, amekaa pale nyuma. Ndugu, ukiambiwa unaumwa, wa kwanza kujua awe yule mnayekula naye. Yeye atakutetea hata mbele ya kompyuta. Sasa naketi, kabla hajaniamuru.