Nyambizi Chini ya Pantoni

Seremala hajui kuogelea, kwa hiyo kwenye pantoni hukaa karibu na maboya. Leo mbele yake alikaa fundi cherehani anayecheza vita vya meli vya mtandaoni kwenye simu, jasho likimtoka. Simu ikalia ting.

"Nyambizi imekuona," alisema mama muuza vitunguu aliyekaa kando ya fundi. "Simu ikilia tena, kombora linakufuata chini ya maji. Usiende moja kwa moja, pinda!"

"Kumbe mama nawe unacheza?"

"Wanangu walinifundisha, sasa wananikimbia. Pinda, baba!"

"Nimebaki peke yangu, wenzangu wote wamezama. Bora nitimue mbio."

"Umpe adui mgongo? Utazama kama nanga."

Ting.

Seremala alijua fika kwamba ni mchezo. Hata hivyo aliyatazama maji, akaona pantoni yao inakwenda moja kwa moja kama rula, akakumbatia boya.

"Kombora hilo linakuja! Lielekezee pua ya meli, likupite ubavuni!"

"Nikilielekezea nitakufa huku nikiliona!"

Pantoni ikagonga gati kwa kishindo. Seremala alishuka wa kwanza, akipinda kushoto na kulia mpaka nchi kavu.