Mzee Kasiano na Uwanja Uliosogezwa Butihinda

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Kasiano anastaafu baada ya miaka kumi na saba katika karakana yetu ya ujenzi hapa Gitega. Tungependa kuandika kwamba anaondoka na nguvu zilezile alizokuja nazo, lakini mwenyewe angetukatalia. Amechoka. Analisema bila aibu, na ukimwona anavyoshuka kwenye lori utamwamini.

Alizaliwa Butihinda, upande wa Muyinga. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka minane, mama yake alikimbia naye mauaji, wakavuka mpaka na kuingia Tanzania. Huko alikua, akajifunza uashi, akamwoa Mama Upendo. Waliporudi Burundi mwaka 2008 hakwenda kwao, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumpokea. Alikuja Gitega, karakana ikampa sururu. Alichimba misingi, akajenga kuta, na baadaye, watu wenye uwezo walipoanza kutaka viwanja vya michezo nyuma ya nyumba zao, vyenye nyasi bandia, akawa kiongozi wa kikundi chetu.

Uwanja ukishakamilika huonekana kama zulia tu. Chini yake kuna udongo uliochimbuliwa, mawe, kokoto na mchanga, vyote vimeshindiliwa kwa mteremko mdogo ili maji ya mvua yatoke. Ndipo nyasi hutandazwa, na vipande huungwa kwa gundi, mtu akiwa amepiga magoti juani. Mwaka huu, mafuta yalipoadimika na lori likalala, kokoto tulizisukuma kwa toroli kutoka barabarani. Mzee Kasiano alisukuma pia. Tulimkataza, hakusikia.

Alijua kutuchekesha. Mtaani Musinzira, kwenye uwanja wetu wa kwanza, mbuzi wa jirani aliruka ua, akang'ata nyasi, akatafuna kidogo, akatema. Mwenye nyumba alikasirika. Kasiano akamwambia, "Shukuru, mama. Mbuzi akiikataa, hii itadumu."

Lakini siku tunayomkumbuka zaidi haikuwa ya kicheko. Kiangazi cha mwaka jana tulitumwa Butihinda, kwa Houssein, mfanyabiashara wa kahawa aliyetaka kuwajengea watoto wake uwanja. Kasiano aliambiwa jina la tarafa tu. Tulipofika nyuma ya nyumba alisimama akiangalia bonde, chemchemi, na jiwe pana lililo juu yake. Zamani mama yake alikuwa akianika maharage kwenye jiwe lile; hapo ndipo palikuwa kwao. Tulikuwa tumeshaanza kuchimba aliponishika mkono.

"Elyse, waambie waache upande huo," alisema. "Mdogo wangu yuko hapo."

Alikuwa na mdogo wake, Anisia, aliyekufa kwa homa kabla hawajakimbia, akazikwa nyuma ya nyumba. Kaburi halikuwa na alama yoyote. Kasiano alimwendea Houssein, akavua kofia, akamweleza yote. Houssein alisikiliza huku uso ukibadilika.

"Kumbe umekuja kudai parcelle," alisema. "Mi nililinunua hili shamba, na papiers za ununuzi ziko. Sasa we unaniletea maneno ya kaburi?"

"Shamba sidai, ndugu yangu. Naomba uwanja usogee tu."

"Leo usogee, kesho je?"

Alisimamisha kazi. Tulikaa kwenye kivuli cha lori, tukijua kwamba tukirudi mikono mitupu karakana itapata hasara na lawama zitamwangukia mzee. Kasiano naye alijua. Sisi wachache wa kikundi tuliokulia upande wa Kivu, ambako ardhi hugombaniwa, tunaifahamu hofu ya Houssein pia: mtu akisema hapa palikuwa kwetu, usingizi wako umekwisha.

Mwishowe Husni, mke wa Houssein, alikwenda kumwita jirani, bibi Adventina, ambaye hakuwahi kuondoka kwenye kilima kile. Bibi alimtazama Kasiano kwa muda mrefu, kisha akaenda moja kwa moja hadi mahali palepale.

"Kale katoto kako hapa," alisema. "Mi nilikuwako. Mama yao hakutaka kutoka hapa, tulimuvuta."

Houssein alikwenda kusimama kando ya mahali pale. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Musogeze." Uwanja ukapunguzwa, goli moja likaja karibu na jiko, na Husni akazungushia mawe mahali pa Anisia kwa mikono yake. Mshono wa mwisho Kasiano aliugundisha mwenyewe.

Wengine wetu tulimhimiza aidai ardhi ile, maana sheria haikumfungia mlango. Alitujibu njiani, "Nikimtoa huyu, watoto wake watalala wapi? Nilikimbizwa mimi. Sitaki kumkimbiza mtu." Kisha akageukia dirishani, akalia kimya mpaka Muyinga mjini. Nasi tukatazama barabara.

Tangu hapo hakuwa yule yule. Alifanya kazi vizuri kama zamani, ila alipumzika mara nyingi, na alipopumzika hakutafuta sababu.

Sasa anahamia Giheta, ambako Mama Upendo ana shamba la maharage na meza sokoni. Mzee Kasiano, asante kwa viwanja ambavyo havikutuamisha maji, kwa subira yako, na kwa ulivyotufundisha bila kutupigia kelele. Lala mpaka jua lipande. Siku zako zilizobaki ziwe njema na ndefu, na asitokee tena mtu wa kukuhamisha.

Elyse, kwa niaba ya wenzako wote wa karakana