Nyoka wa Pamba

Benchi letu lilikuwa ubavuni mwa duka la vipuri vya baiskeli, pale Bariadi mjini, hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu. Lilikuwa na miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na aliyekalia upande wa tofali hakuruhusiwa kucheka kwa nguvu. Shida alikuwa anauza kahawa na kashata. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, makampuni ya watu binafsi yameingia kununua pamba, kila kampuni na kofia yake, hata ukimwona mtu kwa mbali unajua kauza wapi. Mimi siku hiyo nilikuwa nimekaa kimya kuliko kawaida yangu. Chini ya meza yangu, ndani ya gunia, kulikuwa na nyoka wa kitambaa mwenye urefu wa mita tatu, kajazwa pamba, na mimi ndiye niliyemshona.

Mayige akafika bila kusalimia. Tulimwita Mstari wa Mbele, kwa sababu tangu mwaka wa themanini na moja hakuna uwanja waliocheza Sumu ya Nkoma yeye akasimama mstari wa pili. Sumu ya Nkoma ndilo kundi la ngoma la Luhaga, wacheza nyoka wa kijiji cha Nkoma. Fira shingoni, kifutu mkononi, wote wazima na meno yao mdomoni. Wajawazito walikatazwa kusogea. Tulilipenda kundi lile mpaka tukawa tunagombana na wake zetu.

— Mmesikia? akasema Mayige. Jumamosi wanachezea kampuni ya pamba. Fulana za njano, kofia za njano. Na nyoka hakuna!

— Hakuna vipi? akauliza Shida. Si ndiyo kazi yao?

— Wamepewa nyoka wa kitambaa. Kaandikwa jina la kampuni kuanzia kichwani mpaka mkiani.

Nikainamia kikombe changu. Herufi zile zilinichukua siku mbili.

— Nani kashona uchafu huo? akauliza Gazeti. Huyu ni mwalimu mstaafu, jina lake Constantine. Tulimwita Gazeti kwa sababu alisoma hata kile kipande kilichofungia kashata.

— Fundi wa Mwanza huyo, akasema Mayige. Hapa Bariadi hatuna fundi asiye na haya kiasi hicho.

— Kabisa, nikasema mimi.

Gazeti akakohoa, akakunja miguu. Tukajua darasa limeanza.

— Nyinyi mnalaumu kampuni. Kampuni ni mtumwa tu. Jambo hili lina mizizi Washington. Serikali ilipokwenda kukopa, ikapewa masharti. Punguza wafanyakazi, si walipunguza? Achia bei ya pamba, si waliachia? Sharti la tatu hawakulitangaza redioni.

— Lipi hilo?

— Punguza nyoka.

— Acha zako, Mwalimu!

— Sasa nyoka unamwingizaje kwenye soko huria? Hana leseni, hana bei, akikuuma hakuna wa kushtakiwa. Mkopeshaji hawezi kukubali kitu kama hicho.

Shida akacheka, kisha akakumbuka yuko upande wa tofali, akajizuia. Hapo ndipo Januarius alipoweka kikombe chini. Huyu ni fundi redio, sisi tunamwita Kaseti.

— Mimi haya yamenikuta kabla yenu, akasema. Mnamkumbuka yule mzungu mchimba visima wa kule Sola? Alipoondoka aliniachia kaseti tatu za bendi ya kwao. Magitaa yanalia kama mashine ya kukoboa iliyokosa oili. Mwimbaji anaguna kama fahali kakwama matopeni. Siku ya kwanza mke wangu akataka kumwita katekista, akidhani redio imeingiwa na pepo.

— Na wewe ulisikiliza?

— Mwaka mzima. Nikazoea, nikapenda. Nikiwa na hasira nawasha, wao wananikasirikia kwa niaba yangu, nalala vizuri. Kumbe dunia nzima watu wa namna hiyo tuko wachache, na mmoja wao yuko Bariadi. Basi juzi juzi mzungu akanitumia kaseti ya nne. Jamaa wamenyoa! Wamepigwa picha wamevaa mashati meupe. Nikaweka kwenye redio. Kila neno linasikika. Anambembeleza msichana arudi.

— Arudi wapi?

— Mimi Kiingereza sijui. Lakini mwanamume anayebembeleza msichana arudi, unamjua tu.

— Ukafanyaje?

— Nilizima nikakaa, akasema Kaseti. Niliumia, ndugu zangu. Kama nimeibiwa kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu kwamba ninacho.

Halafu akaharibu.

— Mimi naamini kuna ofisi huko Ulaya, kazi yake ni kutafuta kitu chochote kikali duniani na kukilainisha. Walianza na ile bendi. Sasa wamefika Nkoma.

— Wamefikaje Nkoma na barabara ile? akauliza Shida.

— Kwa lori la pamba.

Mayige hakucheka. Alikuwa amekaa mikono katikati ya magoti.

— Semeni mnayosema. Jumamosi mimi siendi upande wao. Nasimama na wapinzani wao, wale wacheza majembe wa Sola. Na mtaa wangu wote nahama nao.

Hilo halikuwa neno dogo. Kwetu makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na pembe yake ya uwanja, na jaji hayupo. Jaji ni miguu ya watu. Wanakokimbilia watu, huko ndiko kwenye ushindi. Kampuni ilikuwa imesema wazi kwamba kundi litakaloshinda Jumamosi ndilo litakalozunguka nayo msimu mzima, na jingine lirudi shambani. Na Mayige akihama, watu huhama. Miaka kumi na mitano ndiye aliyekuwa akipiga filimbi ya kwanza.

— Unamuua Luhaga, nikasema.

— Kajiua mwenyewe! Mtu aliyecheza kama vile mwaka jana pale Maswa, leo ashike mto wa kulalia? Mnakumbuka Maswa? Kifutu kamshika, damu inatiririka, na yeye anazunguka uwanja mara tatu bila kupepesa! Wale wa upande wa pili walihamia kwetu wote, ngoma yao ikabaki inapigiwa mbuzi. Tulishinda! Ngoma kubwa niliibeba mimi mwenyewe kichwani mpaka kwenye lori. Ile ndiyo Sumu ninayoijua mimi.

Tukaiona tena siku ile, kila mtu na yake machoni. Ndipo mwanamke akasimama mbele yetu na baiskeli yake.

— Mwadila, akatusalimu.

— Mwadila, mayu, tukaitikia. Mayu kwetu ni mama.

Alikuwa Kwandu, mke wa Luhaga. Hakuwatazama wenzangu. Alinyoosha kiganja kwangu.

— Fundi, vifungo vya macho nimevipata. Vyeusi, kama ulivyosema. Nyoka yuko tayari?

Benchi zima likanigeukia. Gazeti akavua miwani, akaivaa tena.

— Fundi wa Mwanza, akasema Kaseti taratibu.

Ningefanya nini? Nikaenda nikavuta gunia. Pa kumlaza nyoka palikuwa hapo hapo magotini mwao, maana meza yangu ni fupi, kwa hiyo akalala kichwa kwa Mayige, tumbo kwa Kaseti, mkia kwa Gazeti. Nikapiga magoti nikaanza kushona macho. Mayige akagusa shingo ya nyoka kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa maziwa kuona yameganda.

— Na hiki kitanzi cha nini?

— Niliagizwa nikiweke, nikasema. Sikuuliza.

— Mayu, akasema Mayige. Mwambie Luhaga kampuni imemharibu. Mwambie sisi tunaomjua tangu mwanzo ametuumiza.

— Kampuni ilitaka nyoka wazima, akasema Kwandu. Walimbembeleza sana. Yeye ndiye aliyeomba wa kitambaa.

— Luhaga? Kwa nini?

— Tangu Maswa, mkono ule alioumwa haufumbi. Jembe linamponyoka. Kifutu atamshikaje? Kitanzi kinamsaidia, anaingiza mkono, nyoka haanguki.

Sindano yangu ikasimama.

— Siku ile ngoma ulibeba wewe, baba, akaendelea Kwandu. Nilikuona. Luhaga nilimbeba mimi, kwa baiskeli hii, mpaka hospitali. Hakuna aliyegeuka.

— Mayu, mimi sikujua... Mkono gani?

— Wewe niambie. Wewe ndiye unayemjua tangu mwanzo. Mkono gani?

Mayige akamtazama Gazeti.

— Wa kulia, akasema Gazeti.

— Kushoto, akasema Kaseti. Nadhani kushoto.

Mayige aliangalia mkono wake mmoja, akaangalia wa pili. Kwandu alisubiri. Alisubiri mpaka nikamaliza jicho la pili na kukata uzi kwa meno. Kisha akamkunja nyoka, akamfunga kwenye keria, akaaga, akaondoka, herufi za njano zikining'inia nyuma ya baiskeli.

Shida akainamisha birika. Likatoa matone mawili.

— Fundi, akasema Mayige. Kile kitanzi umekishona upande gani?

— Katikati. Kinaingia mkono wowote.

Akatikisa kichwa. Akainuka, akajipangusa pamba iliyobaki magotini.

— Jumamosi nitasimama palepale pangu, akasema. Miaka kumi na mitano niko mbele kabisa, kumbe namwangalia nyoka.