Mzee Walusimbi na Picha ya Ndugu Yake

Mzee Yeremiya Walusimbi, tunayemsindikiza leo hapa Kasozi, alizaliwa tarehe 8 Machi 1941 katika nyumba iliyo nyuma yetu, mtoto wa tatu wa Mzee Kezekiya Kibirango wa ukoo wa Fungo. Wakati huo nyumba ilikuwa ya nyasi. Mabati aliyaweka marehemu mwenyewe mwaka 1975, na kila aliyekuja kumpongeza alipigwa picha mbele ya nyumba hiyo, atake asitake.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Cheti chake, ambacho familia inacho, kinasema kwamba tabia yake ilikuwa njema na macho yake yalikuwa dirishani.

Mwaka 1959 aliajiriwa Masaka mjini kufagia studio ya Bwana Jamnadas, na humo, katika chumba cha giza, akajifunza kusafisha picha. Mwenye studio alipolazimika kuondoka nchini mwaka 1972, alimwachia kamera moja na kioo kirefu ambacho mbele yake wateja walichana nywele. Vita ya 1979 iliondoka na studio. Kamera na kioo vilikuwa vimelala migombani hapa Kasozi, chini ya majani makavu, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amefungua tena. Hadi alipostaafu mwaka 2011 aliwapiga picha watu wa Masaka kwa maneno yaleyale: "Kidevu chini kidogo. Usicheke, kwani harusi? Njoo Alhamisi." Wamo hapa waliokuja Alhamisi nne mfululizo. Wanajijua.

Tarehe 14 Desemba 1968 alifunga ndoa na Bi Ludiya Nansamba. Kwa kuwa hakumwamini mpiga picha mwingine yeyote, kazi ya siku hiyo aliifanya mwenyewe. Katika picha zote kumi na mbili za harusi hiyo bwana harusi hayumo, na mpaka leo wageni wanaofungua albamu humpongeza Bi Ludiya kwa kuolewa na msimamizi. Tangu hapo hakukubali tena kukaa upande wa pili wa kamera. "Niko kazini," alikuwa akisema. Picha ya kitambulisho, aliyolazimishwa na serikali, aliihifadhi uso chini.

Ugonjwa wa kusahau ulianza mwaka 2017. Yalianza kupotea majina ya wateja, yakafuata ya majirani, kisha ya watoto. Binti yake wa mwisho, Nakku, ambaye ndiye aliyerithi kamera, alikuwa akija kutoka Kampala kila Jumapili akiwa na haja moja: apate picha ya baba yake kabla hajapotea kabisa. Kila alipoinua kamera, mzee aliinua kiganja mbele ya lenzi. Nakku ana picha nyingi sana za kiganja hicho.

Akifika, alipiga magoti na kumwamkia. Mzee aliitikia salamu yote bila kukosea neno, kisha akamhoji kama anavyohojiwa mgeni yeyote.

"Wewe wa ukoo gani, bibie?"

"Fungo, mzee wangu."

"Aa. Basi kukuoa haiwezekani."

"Ndiyo hivyo, mzee wangu."

"Babu yako nani?"

"Kezekiya Kibirango."

Hapo mzee alipiga hesabu. "Kezekiya ni baba yangu mimi. Kwa hiyo baba yako ni ndugu yangu, na mimi ni baba yako. Mbona hukusema?"

"Ndiyo nasema sasa, Baba."

Kwetu ndugu wa baba ni baba, hivyo kwa miaka mitatu Nakku alipata baba kila Jumapili, kwa njia ya mzunguko.

"Na huyo ndugu yangu hajambo?"

"Anachokachoka."

"Mlete nimpige picha. Hana hata moja yule."

Jumapili ya tarehe 3 Septemba mwaka huu wa 2023, Nakku alikitoa kile kioo cha studio. Kilikuwa kimefunikwa shuka, kwa sababu mzee alikuwa akimkaribisha chai mtu aliyemo ndani na kuudhika kwamba haji. Akakiegemeza barazani mbele ya kiti cha baba yake, akasimama kando ya kioo na kamera.

"Wewe, usimchezee baba yako," alisema Bi Ludiya.

"Simchezei, Mama. Aliagiza aletewe ndugu yake. Huyo hapo, Baba, nimemleta."

Mzee alimtazama yule wa kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Amezeeka."

"Kidogo."

"Watoto wake anawajua?"

"Huwa anawapata, Baba. Anachelewa tu."

"Si kitu," alisema mzee. Akajiweka sawa kitini. "Kidevu chini kidogo," akamwambia ndugu yake, huku akishusha chake kumwonyesha. "Usicheke, kwani harusi?"

Kiganja hakikuinuka. Nakku akapiga.

"Aje Alhamisi," alisema mzee. Hakusema Alhamisi ipi.

Siku chache baadaye alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa Masaka. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Septemba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Bi Ludiya. Watoto wanne, Samusoni, Eseza, Kigozi na Nakku. Wajukuu kumi na mmoja. Na masanduku matatu ya picha za watu wa Masaka ambao hawajazifuata. Baada ya mazishi yatafunguliwa barazani.

Picha iliyo mbele ya ratiba hii ya mazishi ndiyo ile ya ndugu yake. Leo ni Alhamisi, na iko tayari.

Alale kwa amani Mzee Walusimbi.